Mvuto wa Filamu za Gharama Ndogo katika Vibanda Umiza vya Buzuruga, Mwanza: Tahakiki ya Nafasi ya Msimulizi

Ikisiri

Tahakiki hii inahoji maelezo yaliyozoeleka kuhusu mvuto wa filamu zilizotengenezwa kwa gharama ndogo, zisizojulikana na wengi, lakini zenye wafuasi waaminifu. Uhakiki wa Ulaya na Marekani umeueleza mvuto huo kwa kicheko cha mtazamaji anayejua kwamba filamu anayoitazama ni mbovu na anayeipenda kwa sababu hiyohiyo. Kwa kurejelea vibanda umiza vya Buzuruga jijini Mwanza, na kwa kuihakiki filamu ya Uganda iitwayo Who Killed Captain Alex? (2010), inadaiwa hapa kwamba mvuto huo hautokani na ubovu. Unatokana na uwazi: filamu yenye mapengo humwachia msimulizi na hadhira nafasi ya kuikamilisha. Kwa hiyo filamu iliyosimuliwa inastahili kuchunguzwa kwa vigezo vya fasihi simulizi, na kuhifadhiwa kama utendaji wa lugha ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Buzuruga ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kando ya barabara iendayo Musoma. Kwa miaka mingi stendi yake imekuwa mahali pa kusubiri. Abiria husubiri gari lijae, wapiga debe husubiri abiria, makuli husubiri mzigo, na waendesha bodaboda husubiri yeyote mwenye haraka. Mahali penye kusubiri kwingi ndipo kibanda cha video hushamiri. Kuta zake huwa za mabati au mbao, viti vyake ni mabenchi, madirisha yake huzibwa ili mwanga usiingie, na ubao wa nje huandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Watanzania wamevipa vibanda hivyo jina la vibanda umiza. Jina hilo halifichi kitu: anayeingia humo anakubali kubanwa, kutoka jasho na kuumia mgongo kwa ajili ya anachokwenda kukiona.

Swali linalozuka ni hili: mtu huumia kwa ajili ya nini? Picha ni hafifu, nakala imenakiliwa mara nyingi, na sauti ya asili ya filamu imefunikwa na sauti ya mtu mwingine anayesimulia kwa Kiswahili. Aghalabu filamu yenyewe ni ya zamani na mtazamaji amekwisha kuiona. Wahakiki wengi wa filamu nchini wamejibu kwa mkato kwamba hiyo ni burudani ya wasio na uwezo wa kupata iliyo bora. Jibu hilo linaeleza kwa nini watu hawaendi kwingine, lakini halielezi kwa nini wanarudi palepale. Tahakiki hii inashughulikia kurudi huko.

2.0 Filamu za Wafuasi katika Nadharia

Istilahi ya filamu za wafuasi inatumika hapa kwa maana ya filamu ambazo hazikupendwa na umma mpana wala kusifiwa na wahakiki wakuu, lakini zimepata kundi la watu wanaozitazama tena na tena. Mifano inayotajwa sana ni ya Marekani: Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, iliyotengenezwa katika miaka ya 1950, na The Room ya Tommy Wiseau ya mwaka 2003. Katika maonyesho ya The Room watazamaji hutamka maneno ya wahusika kwa pamoja na hurusha vijiko vya plastiki kuelekea kwenye skrini.

Maelezo makuu matatu yametolewa kuhusu mapenzi ya namna hii. La kwanza ni la Susan Sontag, ambaye katika insha yake ya mwaka 1964 alieleza ladha inayofurahia kazi iliyokusudia uzito ikashindwa kuufikia. La pili ni la Jeffrey Sconce (1995), aliyeonyesha kuwa wapenzi wa filamu mbovu, wengi wao wakiwa wasomi, huzitumia filamu hizo kupinga ladha rasmi ya vyuo na majarida. La tatu ni la Umberto Eco, ambaye katika miaka ya 1980 aliichambua Casablanca na kusema kuwa filamu hupata wafuasi pale inapoweza kuvunjwa vipandevipande. Kwa Eco, kazi iliyokamilika hukumbukwa kwa uzima wake, ilhali kazi legelege humpa mpenzi vipande vya kuondoka navyo.

Maelezo ya Sontag na Sconce yana sharti moja: mtazamaji awe juu ya filamu. Lazima ajue filamu nzuri inapaswa kuwaje, ndipo acheke inapokosea. Sharti hilo linakosa mashiko Buzuruga kwa sababu mbili. Kwanza, filamu zinazopendwa kibandani si lazima ziwe zimetengenezwa kwa gharama ndogo. Commando (1985), yenye Arnold Schwarzenegger, ni zao la studio kubwa ya Hollywood, lakini imeishi katika vibanda vya Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa pamoja na filamu za kung fu za Hong Kong na filamu za Kihindi. Pili, mtazamaji wa kibandani hachagui filamu ili kuwaudhi wasomi. Ladha rasmi ya chuo haimhusu.

Hapa ndipo dhana ya gharama ndogo inapohitaji kusogezwa. Filamu huweza kuwa ghali ilipotengenezwa na maskini inapoonyeshwa. Brian Larkin (2008), akichunguza mji wa Kano nchini Nigeria, alionyesha kuwa ubovu wa picha na sauti unaotokana na kunakili bila kibali si dosari ya pembeni tu. Una umbo lake na hujenga namna ya kutazama. Hoja hiyo inaufaa sana mjadala huu. Commando inapofika Buzuruga ikiwa nakala ya nakala, imepoteza sehemu kubwa ya kile kilichonunuliwa kwa fedha nyingi: ung'avu wa picha, uzito wa sauti, na mizaha ya Kiingereza. Kinachobaki ni baba, binti aliyetekwa na maadui. Hadithi imerudi kwenye mifupa yake, na mifupa ndiyo msimulizi anayoihitaji. Kati ya maelezo matatu yaliyotajwa, ni la Eco pekee linalosogea karibu na hali hii. Hata hivyo, Eco hakuwazia mtu mwenye kipaza sauti aliyesimama kati ya filamu na hadhira.

3.0 Kibanda Umiza kama Uwanja wa Utendaji

Usimulizi wa filamu kwa Kiswahili nchini Tanzania unahusishwa zaidi na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilisambaa mijini na vijijini. Nchini Kenya jina linalotajwa zaidi ni DJ Afro, na kizazi cha baadaye cha Tanzania kimewajua wasimulizi kama DJ Mack. Nchini Uganda wasimulizi huitwa kwa kifupi VJ na hutumia zaidi Kiganda. Matthias Krings, aliyemchunguza Lufufu, aliufananisha usanii huo na kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo unafaa kuchukuliwa kwa uzito. Wali ni chakula tayari, na anayeuleta mezani hadanganyi mtu. Pilau hupatikana pale mpishi anapotia viungo vyake mwenyewe, na baada ya hapo hakuna awezaye kuvitenga viungo na mchele.

Msimulizi hufanya angalau kazi nne kwa wakati mmoja. Hufasiri mazungumzo, ingawa mara nyingi hufasiri kusudio kuliko maneno. Huigiza sauti za wahusika wote, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Hueleza asichokionyesha mpigapicha: nani ana kisasi na nani, nani anadanganya, na hatari iko upande gani. Mwisho, hutoa maoni, kwa kumsifu steringi, kumkejeli adui au kuihusisha hali ya filamu na maisha ya mtazamaji. Kazi mbili za mwanzo ni za mfasiri. Mbili za mwisho ni za mtambaji.

Mulokozi (1996) ameieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha, na kwamba muktadha huo hutawaliwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Vigezo vyote sita vinapatikana kibandani. Yupo fanani, ingawa mara nyingi sauti yake imerekodiwa. Ipo hadhira, nayo haikai kimya: humwonya steringi, humzomea msaliti na hubishana kuhusu kitakachofuata. Kauli kwamba steringi hafi, iliyokwisha kuwa msemo wa mitaani, ni kanuni ya kifani ambayo hadhira hiyo imeitunga yenyewe kutokana na kutazama kwingi. Ni kanuni ya aina ileile inayomfanya msikilizaji wa ngano ajue kuwa sungura ataponyoka.

Kwa wakazi wa Usukumani, hadhira inayoamua si jambo geni. Katika mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika, ambayo hufanyika zaidi baada ya mavuno na ambayo Bujora, mashariki mwa Buzuruga kwa njia hiyohiyo ya Musoma, imeyapa umaarufu, vikundi viwili hucheza wakati mmoja mbele ya umati mmoja. Watazamaji huhama. Anayewavuta wengi ndiye mshindi, na mbinu za kuvuta ni nyingi: wimbo mpya, vazi lisilotarajiwa, kichekesho, hata nyoka. Katika sanaa hiyo, uzuri haupimwi kwa ukamilifu wa kazi ikiwa peke yake. Hupimwa kwa uwezo wake wa kumbakiza mtu aliye huru kuondoka.

Kibanda kilicho karibu na stendi kina masharti yanayofanana na hayo. Abiria aliyeingia kupoteza muda anaweza kutoka gari lake likiitwa. Mpiga debe huingia katikati ya filamu na kutoka kabla ya mwisho. Filamu inayohitaji utulivu wa dakika mia moja na masikio yasiyokosa neno haiwezi kumshika mtu wa namna hiyo. Filamu yenye matukio yanayojitegemea, inayosimuliwa na mtu anayekumbusha mara kwa mara tumefika wapi, humshika. Kile ambacho mhakiki wa darasani angekiita ulegevu wa msuko, hapa ni mlango ulioachwa wazi kwa anayechelewa.

4.0 Who Killed Captain Alex?: Filamu Isiyojibu Swali Lake

Hoja hii hupata kipimo chake kizuri zaidi katika filamu iliyotengenezwa ng'ambo ya pili ya ziwa. Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zake ni za vyuma chakavu na mbao, na milipuko na helikopta zimetiwa kwa kompyuta. Inasimulia vita kati ya makomando wa jeshi la Uganda na genge la Tiger Mafia. Kapteni Alex anauawa, ndugu yake aliye bingwa wa kung fu anataka kulipiza kisasi, na mapambano yanaongezeka hadi mwisho. Muuaji hajulikani. Swali lililo katika jina la filamu halijibiwi.

Kwa vigezo vya kawaida vya uhakiki, hiyo ni dosari ya msuko isiyosameheka. Kwa mtazamaji wa nje aliyekutana na filamu hiyo kwenye mtandao, ni kichekesho. Kijidondoo chake kilipowekwa YouTube mwaka 2010 kilisambaa haraka, na wengi walicheka helikopta zake. Baadaye kicheko hicho kiliambatana na heshima: Crazy World ya mtengenezaji huyohuyo ilionyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2019, na kundi la Wakaliga lilishiriki maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Hata hivyo, sifa nyingi za nje zilibaki juu ya ari: watu hawa hawana kitu, na bado wanatengeneza filamu. Ni sifa njema, lakini inamhusu mtengenezaji. Haisemi lolote kuhusu kazi yenyewe.

Ukiitazama kazi yenyewe, jambo la kwanza kusikika ni sauti ya VJ Emmie. Anatangaza filamu katikati ya filamu, anawapa wahusika sifa na kejeli, anashangilia ngumi kama mtangazaji wa mpira, na anamkumbusha mtazamaji kwamba anaitazama Uganda. Sauti hiyo haikuongezwa na mchuuzi wa mbali; ni sehemu ya namna filamu za Wakaliga zinavyokusudiwa kutazamwa. Nakala ya awali isiyo na sauti ya msimulizi haikuhifadhiwa, kwa hiyo toleo linalotazamwa duniani leo ni lile lililosimuliwa. Mhakiki anayetaka kuihakiki filamu bila msimulizi hana matini ya kuihakiki. Pilau imebaki, wali haupo.

Kutokujibiwa kwa swali kunapata maana tofauti katika mwanga huo. Filamu inakuwa kitendawili ambacho aliyekitega hakukitegua wala hakuomba mji. Kwa mtazamaji aliyekaa peke yake hilo ni kero. Kwa hadhira iliyoketi bega kwa bega ni mwaliko, kwa kuwa mjadala wa nani alimuua Kapteni Alex unaweza kuendelea nje ya kibanda, juu ya pikipiki na kwenye meza ya kahawa. Si ajabu kwamba mtengenezaji mwenyewe alilelewa na usimulizi: Nabwana ameeleza kuwa utotoni alizijua filamu nyingi kwa kusimuliwa na kaka yake aliyekuwa akienda kuzitazama. Alijifunza filamu kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Kazi yake imejengwa na mtu anayejua kuwa pengo katika picha hujazwa na maneno.

Ulinganisho na filamu nyingine ya ziwa hilohilo unaiimarisha hoja. Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper ilipigwa Mwanza na wafanyakazi wachache. Inahusu biashara ya sangara, marubani wa ndege za mizigo, watoto wa mitaani na mabaki ya samaki, na katika mjadala wa Tanzania ilijulikana kama filamu ya mapanki. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar na ilipingwa hadharani na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2006. Uchungu wa upinzani huo haukutokana na picha mbaya. Picha zake ni za ustadi. Ulitokana na hisia kwamba watu wa Mwanza walikuwa wamesemewa katika kazi iliyofungwa, ambayo maana yake iliamuliwa kwenye meza ya uhariri. Who Killed Captain Alex? inaonyesha damu nyingi zaidi na ukweli mchache zaidi. Lakini imeacha nafasi ya kujibiwa, na imemweka mjibu ndani yake.

5.0 Hoja Pinzani

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni ya haki. Filamu nyingi zinazosimuliwa zimenakiliwa bila kibali, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na waathirika si studio za Hollywood peke yao. Watengenezaji wa filamu za Tanzania, ambao tangu Girlfriend (2003) walijenga soko la kanda na baadaye la diski, wamelalamika kwamba filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya chini zimewaharibia soko hilo, na mwaka 2017 baadhi yao waliandamana jijini Dar es Salaam. Malalamiko hayo ni ya kweli. Kusema kwamba usimulizi ni sanaa hakumpi msimulizi haki ya kazi ya mwingine. Lakini tatizo la hakimiliki linahusu umiliki wa picha; halifuti utunzi ulio katika sauti. Isitoshe, mfano wa Wakaliga unaonyesha kuwa mtengenezaji na msimulizi wanaweza kufanya kazi chini ya paa moja. Soko la filamu za Tanzania halijaitumia njia hiyo vya kutosha, ingawa wasimulizi walikuwa na hadhira kabla ya waigizaji wengi wa Bongo kuwa na majina.

Hoja ya pili ni ya kimaadili: kwamba kuusifu uwazi wa filamu maskini ni kuusifu umaskini. Hatari hiyo ipo. Hakuna anayefaidika na mabenchi yanayoumiza, na mtazamaji wa Buzuruga akipewa picha safi hataikataa. Vilevile, kibanda hakijawahi kuwa cha wote. Mara nyingi ni mahali pa wanaume na vijana, na wazazi wengi wamewazuia watoto na mabinti kwa sababu zinazoeleweka. Maoni ya msimulizi kuhusu wanawake katika filamu mara nyingi hufuata masikio ya waliomo. Uhakiki unaouchukua usimulizi kama sanaa hauna budi kuuhukumu kama sanaa, ikiwa ni pamoja na kuuliza unamcheka nani na nani hayumo ndani ya kicheko hicho. Kuudharau kabisa ni kuuepusha na swali hilo.

6.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kuwa mvuto wa filamu za gharama ndogo katika vibanda vya Buzuruga hauelezeki kwa kicheko cha anayeijua filamu bora. Imeonyesha kuwa umaskini unaohusika ni wa nakala kuliko wa utengenezaji, kwamba mapengo yanayoachwa na umaskini huo ndiyo nafasi ya kazi ya msimulizi, na kwamba hadhira hurudi kwa sababu ya kazi hiyo. Who Killed Captain Alex? imethibitisha hatua ya mwisho ya hoja, kwa kuwa ndani yake sauti ya msimulizi imekuwa matini.

Matokeo haya yana uzito wa kiutafiti unaohitaji haraka. Kanda za VHS huharibika kwa joto na unyevunyevu, diski huchubuka, na simu ya mkononi imemwezesha kila mtu kutazama peke yake. Wakati huohuo, taasisi zinazohifadhi ngano, vitendawili na nyimbo hazijazoea kuyahesabu masimulizi ya filamu miongoni mwa tanzu zao, na wanaohifadhi filamu huyaona kuwa uharibifu wa filamu. Kwa hiyo Kiswahili kilichotungwa papo kwa papo kwa miaka zaidi ya ishirini, kikasikika kuliko riwaya nyingi, hakina mlinzi. Inapendekezwa kuwa idara za fasihi katika vyuo vya Kanda ya Ziwa zianze kukusanya kanda na diski zilizosimuliwa, pamoja na kumbukumbu za wenye vibanda na watazamaji wao, kabla hazijatupwa. Mtafiti atakayeuliza baadaye nani alimuua Kapteni Alex atakuwa na filamu ya kurejelea. Atakayeuliza Lufufu alimpa Schwarzenegger maneno gani anaweza asikute kitu.